SAFARI YA LONDON IANZIE KIKUUBO



Muhula huu watoto wetu wamerudi nyumbani na barua. Shule moja ya sekondari ya hapa mjini, ambamo wengi wetu tunaofanya kazi Kikuubo tunasomesha, inapanga kuwapeleka wanafunzi wa historia London kwa muda wa siku nane. Barua inataja nauli ya ndege, malazi, chakula, bima, viza, na kitu kinachoitwa matumizi madogo madogo. Chini yake pana nafasi ya sahihi ya mzazi na tarehe ya mwisho ya kulipa fungu la kwanza.

Barua hiyo tuliisoma saa ya chakula, tumeketi juu ya magunia. Mwenzetu mmoja, mchukuzi wa miaka mingi, alianza kuipiga hesabu kwa magunia: sukari kiasi gani itoke kwenye loli iingie stoo, mara ngapi kwa siku, siku ngapi kwa mwaka. Alipofika mwaka wa pili aliacha kuhesabu, akaikunja barua, akairudisha mfukoni. Mama anayetuletea chai hakupiga hesabu. Alisema amekwisha kuulizia mkopo katika kikundi chao cha akiba, maana binti yake anaongoza darasa katika somo la historia, na hataki mtoto abaki nyuma kwa sababu ya umaskini wa mama yake.

Hapo tulitambua kwamba jambo hili si dogo. Mmoja amekata tamaa kimya kimya, mwingine yuko tayari kujifunga deni kimya kimya. Wote wawili walikuwa wakiamua peke yao jambo ambalo ni letu sote. Mkutano wa wazazi unakaribia. Kabla haujafika, tunataka kusema maoni yetu hapa wazi.

HATUPINGI SAFARI

Kwanza ieleweke kwamba hatupingi watoto wetu kwenda London. Wapo kati yetu waliosema tangu mwanzo kwamba mtoto wa mchukuzi hana lake huko, na kwamba fedha hizo zingeezeka madarasa. Tulibishana nao sana. Mwishowe tulikubaliana kwamba sehemu kubwa ya historia ya Uganda iliandikwa London, iliamuliwa London, na mpaka leo baadhi yake imefungiwa London. Anayetaka kuijua hana budi kuifuata.

Wala sisi si wa kwanza. Mwaka 1880 wajumbe watatu wa Kabaka Muteesa wa Kwanza walifika London, baada ya safari ndefu kwa njia ya mto Nile, wakapokewa na Malkia Victoria. Mwaka 1902 Katikiro Apolo Kagwa alikwenda kuhudhuria kutawazwa kwa Mfalme Edward wa Saba, naye akafuatana na katibu wake, Ham Mukasa. Huyu Ham Mukasa aliandika kwa Kiganda mambo waliyoyaona, na kitabu chake kikatolewa kwa Kiingereza mwaka 1904. Mwaka 1961 viongozi wa Uganda walikaa katika jumba la Lancaster House, London, kuijadili katiba, na mwaka uliofuata, tarehe 9 Oktoba 1962, tukapata uhuru.

Watu hao wote walikwenda wakiwa na kazi. Walitumwa, walijua wanakwenda kutafuta nini, na waliporudi walitoa habari kwa waliowatuma. Hiyo ndiyo safari tunayoitaka kwa watoto wetu. Safari ya kwenda kupiga picha mbele ya majumba ya wafalme si safari ya historia. Hiyo ni matembezi, na matembezi hayafai kumtia mzazi deni.

BARABARA ZETU ZINAFIKA LONDON

Ratiba iliyoambatanishwa na barua ina jumba la mfalme, daraja la mto Thames, gurudumu kubwa la kuangalia mji, na kiwanja cha mpira. Hatuna chuki na vitu hivyo. Lakini tuliposoma tulijiuliza: Uganda iko wapi katika ratiba hii? Na mfanyakazi yuko wapi?

Tuanze na hapa tunaposimama. Kikuubo maana yake ni kichochoro, na kweli ni njia nyembamba, lakini nusu ya nchi inakula kutokana nayo. Sukari, sabuni, mchele, chumvi na mafuta hupita hapa kwenda Arua, Gulu na Mbale, na kuvuka mipaka hadi Juba na Bunia. Kila siku tunakanyaga Barabara ya Luwum tukiwa na mizigo kichwani. Karibu hapo, kando ya stendi ya zamani ya teksi, iko Barabara ya Ben Kiwanuka. Ni watoto wangapi wanaopita hapo wakijua majina hayo ni ya nani?

Janani Luwum alikuwa Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda. Aliusema wazi udhalimu wa serikali ya Idi Amin, akauawa tarehe 16 Februari 1977. Serikali ile ilidai kwamba ni ajali ya gari. Leo siku hiyo ni sikukuu ya taifa. Na juu ya mlango wa magharibi wa kanisa la Westminster Abbey, London, zimo sanamu kumi za mashahidi wa karne ya 20 zilizozinduliwa mwaka 1998. Mmoja wao ni Luwum, amesimama pamoja na Martin Luther King wa Marekani na Askofu Mkuu Romero wa El Salvador. Sanamu hizo ziko nje, mtu akisimama barabarani anaziona bila ya kulipa kitu.

Benedicto Kiwanuka alisomea sheria London. Alikuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda, na alikuwamo katika mkutano wa Lancaster House mwaka 1961. Baadaye akawa Jaji Mkuu. Mwezi wa Septemba 1972 askari walimkamata katika Mahakama Kuu, na hakuonekana tena.

Basi barabara mbili tunazopitisha mikokoteni zinafika London. Mtoto wa Kikuubo atakayesimama chini ya sanamu ya Luwum na kusema, "Baba yangu hubeba mizigo katika barabara ya mtu huyu," amejifunza historia. Lakini hawezi kusema hivyo kama hakufundishwa hapa kwanza.

KICHWA CHA LUZIRA NA MAKULI WA LONDON

Kuna mambo mengine matatu tunayotaka yaingizwe katika ratiba.

La kwanza ni Kichwa cha Luzira. Mwaka 1929 wafungwa waliokuwa wakichimba katika kilima cha Luzira walifukua vipande vya sanamu ya udongo wa kuchoma, kazi ya mikono ya wazee wetu wa zamani sana. Sanamu hiyo leo ni mali ya British Museum. Majina ya wafungwa walioichimba hayatajwi popote tunapopajua, na jina la aliyeifinyanga pia halijulikani. Watoto wetu wakaitazame. Shule iandike barua mapema kuuliza kama imewekwa mahali pa kuonekana, maana jumba lile lina vitu vingi na si vyote vinavyowekwa hadharani. Na wakishaiona waulize swali ambalo mwenye nyumba hapendi kuulizwa: itarudi lini? Mwezi wa Juni 2024 Chuo Kikuu cha Cambridge kilirudisha vitu 39 kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda. Tulifurahi. Lakini vilikuja kwa mkopo wa miaka mitatu, unaoweza kuongezwa. Kuazimwa kilicho chako ni jambo la kufikiri, na vijana wa historia ndio wanaostahili kulifikiri.

La pili ni gati za London. Gati za West India zilifunguliwa mwaka 1802 kupokea sukari iliyolimwa na watumwa Waafrika katika visiwa vya Karibi. Ghala moja la sukari la zamani hizo sasa ni jumba la makumbusho, London Museum Docklands, na ndani yake pana sehemu inayoeleza habari za sukari na utumwa. Sisi tunaobeba sukari tunajua uzito wake. Watoto wetu wajue na historia yake.

Katika gati hizo hizo ndipo ulipoanza mgomo mkubwa wa makuli, tarehe 14 Agosti 1889. Makuli wale walikuwa wakisimama langoni kila asubuhi, wakisukumana, wakingoja kuchaguliwa. Mtu aliweza kuajiriwa kwa saa moja tu, kisha akafukuzwa. Walidai senti sita za Kiingereza kwa saa badala ya tano, na kwamba mtu akiitwa kazini asipewe chini ya saa nne. Walikaa nje mwezi mzima na njaa. Walikuwa karibu kushindwa, ndipo wafanyakazi wa Australia walipochanga na kuwapelekea zaidi ya pauni 30,000. Katikati ya Septemba walirudi kazini wakiwa wameshinda. Mwaka mmoja kabla yao, wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha viberiti, upande huo huo wa mashariki ya London, waligoma kwa ajili ya faini za kuonea na kazi ya sumu iliyooza mifupa ya taya. Nao walishinda.

Nani kati yetu anayengoja loli asubuhi asiyeijua hali ya makuli wale? Mtoto akielezwa kwamba London, mji wa wafalme, ulikuwa pia mji wa watu waliogombania kazi ya saa moja, atarudi na macho mengine. Atajua kwamba baba yake si mtu wa mwisho duniani. Ni mmoja wa jeshi kubwa lenye historia yake, na jeshi hilo limewahi kushinda.

La tatu ni karatasi. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba imeficha kwa miaka mingi majalada yaliyohamishwa kutoka makoloni yake wakati wa uhuru, Uganda ikiwamo. Mengine mengi yalichomwa moto kabla ya bendera kushushwa. Yaliyobaki yalianza kufunguliwa mwaka 2012 katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iliyoko Kew, London. Mtu asiseme kwamba hayo ni makaratasi ya zamani tu. Karatasi kama hizo ziliwasaidia wazee wa Kenya waliopigwa na kuteswa wakati wa Mau Mau: mwezi wa Juni 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa wazee 5,228 jumla ya pauni milioni 19.9. Historia iliyohifadhiwa iliwapatia wanyonge haki yao, ingawa kwa kuchelewa miaka hamsini.

TUANZE HAPA KWA MIGUU

Wahenga walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Hatuoni maana ya mtoto kuvuka bahari kwenda kutazama Kichwa cha Luzira ikiwa hajapata kuingia katika Jumba la Makumbusho la Uganda pale Kitante, mahali ambapo mtu mzima anafika kwa miguu kutoka Kikuubo. Jumba hilo lilianzishwa mwaka 1908 katika ngome ya Lugard, Old Kampala. Kilima hicho tunakiona tukiinua macho kutoka hapa, na leo msikiti mkuu wa taifa umesimama juu yake.

Kasubi nako si mbali. Makabaka wanne wamezikwa huko. Wa mwisho wao, Muteesa wa Pili, alipelekwa Uingereza kwa nguvu na Gavana Cohen mwaka 1953, akarudishwa mwaka 1955, akakimbilia huko tena mwaka 1966, na akafa London mwaka 1969. Mwili wake uliletwa nyumbani mwaka 1971. Makaburi yaliungua tarehe 16 Machi 2010, nayo yamejengwa upya kwa mikono ya mafundi wanaojua kuezeka kwa desturi. Mafundi hao wako hai, wanaweza kuulizwa.

Na uwanja wa Nakivubo, jirani yetu, ni uwanja wa ukumbusho wa vita. Vijana wa Uganda walipigana hadi Burma wakiamrishwa kwa Kiswahili katika jeshi la K.A.R. Januari 1945, vita vikiwa bado havijaisha, wafanyakazi wa Kampala na miji mingine waligoma wakidai mishahara ya kuweza kuishi. Mgomo huo ni wetu. Ni wangapi shuleni wanaofundishwa habari zake? Haya yote hayahitaji ndege wala viza. Yanahitaji mwalimu, viatu, na chupa ya maji.

SUALA LA FEDHA

Sasa tuje kwenye kiini. Darasa la historia la shule hiyo linakaa pamoja, linasoma kitabu kimoja na kufanya mtihani mmoja. Barua hii inaligawa mara mbili: watakaokwenda na watakaobaki. Na haligawi kwa bidii, linagawanywa kwa mfuko wa mzazi. Binti wa mama chai, anayeongoza darasa, anaweza kubaki akisimuliwa na mtoto asiyejua Luwum ni nani. Huko si kufundisha historia. Huko ni kuwafundisha watoto wetu mapema kwamba elimu ni bidhaa ya duka la rejareja, kila mtu kwa uwezo wake.

Tena kuna mtego ambao barua haikuutaja. Ada ya viza ya Uingereza hairudishwi hata ukinyimwa viza. Na mwombaji hutakiwa kuonyesha nani anamlipia na fedha zake ziko wapi. Mchukuzi anayelipwa kwa mzigo, jioni mkononi, hana karatasi ya benki ya miezi sita. Anaweza kukopa, akalipa, mtoto akanyimwa, na deni likabaki pale pale. Kwa hiyo tunamwomba dada yetu wa chai, kwa heshima na upendo, asitie sahihi mkopo ule kabla ya mkutano.

Maombi yetu kwa shule ni haya:

Kwanza, darasa zima, bila ya kumwacha hata mmoja, lifanye safari ya hapa nyumbani muhula huu: Kitante, Kasubi, Old Kampala, Nakivubo, na Kikuubo yenyewe. Sisi tuko tayari kuwapokea Kikuubo siku ya Jumapili, kazi ikiwa imepungua, na wazee wetu watawaeleza mambo ya soko hili tangu walipofika.

Pili, kila mwanafunzi aandike habari za maisha ya mfanyakazi mmoja mzee. Kazi hiyo isomwe darasani na ihifadhiwe shuleni.

Tatu, wanaokwenda London wawe wajumbe wa darasa, wachache, waliochaguliwa kwa kazi yao na walimu pamoja na wanafunzi wenzao. Gharama zao zitoke katika mfuko mmoja wa pamoja. Mzazi mwenye uwezo achangie mfuko huo, wala asinunue nafasi ya mtoto wake. Shule iwe mdhamini wa viza zao wote. Mfuko usipotosha mwaka huu, safari ingoje mwaka ujao. London haiendi popote.

Nne, ratiba iandikwe upya, na kila mahali pa kutembelewa pawe na swali ambalo mjumbe ametumwa kulijibu.

Tano, wajumbe wakirudi watoe habari hadharani, shuleni na hapa Kikuubo, kwa Kiganda na kwa Kiswahili, ili hata mama asiyejua Kiingereza asikie mtoto alitumwa nini na amerudi na nini.

Wako watakaosema kwamba tunaingilia kazi ya walimu. Sivyo. Walimu nao ni wafanyakazi wenzetu, na tunajua wengi wao wangetaka darasa lao liende pamoja kama wangeulizwa. Wako watakaosema wenye fedha waachwe waende, sisi inatuhusu nini? Inatuhusu, kwa sababu shule ni ya watoto wote, na jina la somo ni historia ya watu wote. Makuli wa mwaka 1889 wasingeshinda kama kila mmoja angejadiliana na mwajiri peke yake langoni. Walishinda waliposema neno moja.

Basi ndugu, siku ya mkutano tusiende mmoja mmoja na barua zilizokunjwa mifukoni. Tukutane saa nane mbele ya stoo zetu, tufunge kazi mapema, twende pamoja. Mchukuzi wetu aliyeacha hesabu njiani tumemchagua azungumze kwa niaba yetu. Amekubali, kwa sharti moja: kwamba mama chai aketi karibu naye, amkumbushe asipandishe sauti.